Mlinzi wa Bluu kwenye Tanuri la Hilkka

Saa mbili asubuhi, na dirisha la jikoni kwa Hilkka Ikonen bado jeusi. Baridi ya nje imefika nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Ndani, watoto watatu wamelala kifudifudi mbele ya tanuri la matofali wakichungulia makaa.

"Bado bluu," anasema Vieno, mwenye miaka mitano.

"Basi tunangoja," anajibu Hilkka, lakini mwenyewe hawezi kungoja. Anakwenda dirishani, anarudi kwenye unga, anafuta meza ambayo ameshaifuta.

Hilkka, mwenye umri wa miaka 58, ni mlezi wa watoto katika kijiji kimoja karibu na mji mdogo wa Ilomantsi, kaskazini ya mbali. Kwa karibu miaka thelathini wazazi wamekuwa wakimwachia watoto asubuhi, naye anawalea nyumbani kwake kwa mshahara wa halmashauri. Siku za baridi kali kama hii hawatoki kucheza. Tanuri linawashwa, na kila mtoto anapewa kifimbo cha kusukumia unga.

Wanachooka ni piraka: unga wa rai, nafaka ya nchi za baridi, uliosukumwa ukawa mwembamba, wali wa maziwa katikati, kingo zikafinywa kwa vidole. "Nje hawawezi kukaa, na ndani wangenivunjia nyumba," anasema Hilkka. "Unga ndio unaowatuliza. Mimi sijui nani atanituliza leo."

Sababu ya kutotulia ni ufa ulio juu ya mdomo wa tanuri. Leo Teuvo, msafisha dohani, anakuja kuukagua. Kalevi, baba yake Vieno, ameshatamka tangu vuli kwamba tanuri likionekana bovu, binti yake atahamia kituo cha mjini. Na halmashauri haimwachi mlezi akae nyumbani na watoto wawili tu.

"Vieno akiondoka, nafunga," anasema Hilkka. "Nitapelekwa mjini, jiko la umeme, piraka za kununua. Nitakufa kwa uchovu wa kukaa bure."

Anayemsikiliza kwa sikio moja ni Martta, mama mkwe wake, mwenye miaka 86, aliyeketi kwenye benchi ya tanurini. Tanuri hili aliolewa akalikuta. Jicho lake liko kwenye mnyororo unaofunga kilango cha dohani.

"Mkwe wangu anapasha joto kunguru," analalamika. "Kuni tumepasua kwa mikono yetu, joto linakwenda juu ya paa."

Kanuni ya kufunga kila mtu wa huku anaijua: kilango hakifungwi mpaka ulimi wa mwisho wa moto wa bluu upotee kwenye makaa. Makaa yenye bluu yakifungiwa yanatoa hewa ileile inayoua wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Ndiyo maana Hilkka amempa Vieno kazi ya kuitazama bluu. Lakini wazee wa huku wanajulikana pia kwa vidole vinavyowawasha kufunga mapema, joto lisipotee.

Gari linasikika kwa mbali. Hilkka anadhani ni Teuvo, anavaa koti na kutoka kuondoa theluji kwenye ngazi ya paa. Mezani, wale watoto wengine wawili, Pihla na Okko, wanamcheka mwandishi wa habari hii, ambaye piraka yake imetoka na umbo la soksi. Mnyororo unalia.

"Bibi, bado bluu," anasema Vieno.

"Bluu ni macho yako, mjukuu wangu. Endelea na unga."

Muda si mrefu king'ora cha darini, kile kinachonusa hewa hiyo, kinapiga kelele. Hilkka anaingia mbio, uso umempauka. Anambeba Okko kwapani, anamshika Pihla ukosi, na wengine wanafuata na soksi zao kwenye theluji. Teuvo anapowasili anawakuta wamesimama uani, Vieno akiwa bado na kifimbo chake mkononi.

Anawaingiza garini mwake kwenye joto, anafungua kilango, milango na madirisha, kisha anakwenda kuwauliza mmoja mmoja kama kichwa kinauma. Hakuna aliyedhurika.

"Nani kafunga?"

"Nyumba ni yangu," anasema Hilkka.

"Usinifiche, Hilkka," anasema Martta. "Ni mimi. Na mtoto aliniambia."

Ufa, baada ya yote, ni wa lipu tu. Tanuri ni zima. Ila Teuvo anachomoa kile kilango, bamba la chuma la zamani lisilo na tundu, na kulitoboa kwa keekee, ili hewa mbaya itoke hata kikifungwa.

"Joto lote litapitia hapo," Martta anamwambia.

"Litapita kidogo, bibi. Nyinyi mtabaki."

Piraka zinaokwa mchana, zinapakwa siagi, zinaliwa kwa haraka mpaka ndimi zinaungua. Hilkka haonji hata moja. "Watoto watasema tu," anasema. "Nataka wazazi waisikie kwangu kwanza."

Wazazi wa Pihla na Okko wanasikiliza, wanauliza, wanashukuru kuambiwa. Kalevi anakuja wa mwisho. Anasikiliza, anamvalisha Vieno kofia, wanatoka. Hilkka anabaki amesimama katikati ya jikoni, ameshika kifimbo cha Vieno.

Mlango unafunguka tena. Kalevi anaingia na Vieno, anapanda kwenye kigoda akiwa na viatu vyake vya theluji na kuweka kiganja kwenye tundu.

"Linavuta."

"Linavuta," anasema Hilkka.

"Huyu alisema bado bluu?"

"Alisema."

"Akasikilizwa?"

"Hakusikilizwa."

Kalevi anamtazama Martta. Bibi anajikohoza. "Kesho nitamsikiliza."

Kalevi anashuka. "Kesho nitachelewa kidogo kumleta," anasema. "Gari haliwaki upesi kwa baridi hii."

Akishaondoka, Hilkka anakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na anafuta machozi kwa mkono wenye unga. Anataka kulea hapa mpaka astaafu, anasema, na mpango wa kesho anao tayari: mnyororo hauguswi na mtu mpaka Vieno aseme bluu imekwisha.

"Na mtoto akiumwa, asije?" anauliza Martta.

"Basi, mama, tutakaa tupashe joto kunguru."