Tundu Kwenye Machela

Harufu ya mafunjo mabichi yanayoanikwa juani hainipendezi hata leo. Wenzangu wakiisikia hukumbuka mikeka mipya, sikukuu na wageni. Mimi husogea mbali. Mjukuu wangu aliwahi kunitandikia mkeka mpya kitandani, nikamwambia autoe nje upigwe upepo kwanza. Akasema bibi ana kisirani. Ninacho, ndiyo, lakini kina sababu, na leo nawaambia.

Nilikulia Nyakasimbi, kwenye kibanja cha baba, migomba na mibuni mpaka mlangoni. Vita vya Amin vilikuwa vimekwisha, ila dukani hakuna sabuni, hakuna chumvi, na gari likipita barabarani watoto tulikimbia kulitazama. Mtu akiugua hapakuwa na bodaboda ya kupigia simu. Kulikuwa na machela.

Msifikirie ile ya hospitali yenye magurudumu. Yetu ilisukwa kwa fito na mafunjo, kikapu kirefu kama mtumbwi, chenye kina, na juu yake kifuniko cha kusukwa cha kuzuia mvua. Ilifungwa kwenye miti miwili ya msambya, wanaume wanne wakaiweka mabegani. Aliyeisuka ni jirani yetu, Ta Bitegeko, "Ta" kwetu ni kumwita mzee kwa heshima, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Ndiye pia aliyeitunza, ikining'inia kwenye dari la jiko lake. Kila mwanaume wa kitongoji alikuwa wa chama cha machela. Yowe likipigwa unakwenda. Usipokwenda unatoa mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na utasemwa mpaka mvua nyingine.

Wabebaji waliisifu sana. Nyembamba, inapita katikati ya migomba bila kukwama. Nyepesi begani. Na kwa kina chake, mbebaji akiteleza mgonjwa haanguki. Walisema Ta Bitegeko kaisuka kwa akili, na ni kweli.

Lakini machela ilikuwa moja. Iliyopeleka wagonjwa ndiyo iliyorudisha maiti. Babu yangu alipelekwa nayo akikohoa, akarudi nayo kimya. Sisi watoto tukiiona inakuja tulitupa kuni chini, tukaingia migombani na kuziba pumzi mpaka ipite, maana tuliambiana kwamba ukivuta hewa yake wewe ndiye unayefuata. Wala si watoto tu. Watu wazima walificha homa. Meno yanagongana na bado mtu anakwambia, "Leo nina nafuu," ili yowe lisipigwe.

Nilikuwa na kama miaka tisa mama aliposhikwa na uchungu. Ukaingia jioni, kukapambazuka, mtoto hajatoka. Mkunga akatoka chumbani anafuta mikono, hakumtazama baba usoni.

"Pelekeni hospitali," alisema. "Mimi nimefika mwisho wangu."

Baba akapiga yowe.

Machela ilipofika uani, mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa kitu, hata nyoka, alikumbatia nguzo ya mlango.

"Humo siingii. Nitatembea."

"Utatembea na nini?" Huyo ni Shangazi Yustina, dada wa baba, mwanamke asiyekuwa na maneno laini. "Miguu imekukataa tangu jana. Ingia, wifi, usitucheleweshe."

"Baba yenu mlimwingiza humo. Alitoka?"

Walimbandua vidole nguzoni, wakamlaza chali, wakafunika. Nikabaki natazama kikapu chenye mama yangu ndani. Shangazi akanitwika furushi la nguo, akanipa na kibuyu cha uji. "Fuata. Ukilia nakurudisha."

Sikulia. Nikafuata.

Njia ya kuteremka bondeni ilikuwa imenyeshewa, tope jekundu linavuta miguu. Wabebaji waliimba ili hatua ziende pamoja. Mimi nilitembea ubavuni, pale nilipokisia kichwa chake kilipo. Mwanzoni nilimsikia akiguna. Mteremko ulipokaza nikasikia mafunjo yanalia, mwili unaserereka kuelekea miguuni. Kisha sauti yake, ndogo, kama inatoka chini ya ardhi: "Pumzi. Sina pumzi." Wimbo ukaifunika. Halafu kukawa kimya.

Nilimvuta mbebaji shati. "Mama hasemi."

"Kalala, mtoto. Ondoka miguuni pangu."

Hakulala. Mama yangu akilala alikoroma mpaka kuku wanalalamika. Nikaweka sikio kwenye mafunjo huku natembea, sikusikia kitu. Ndipo hofu ikanipanda, si ile ya kupiga kelele, ile inayofanya mikono ifanye kazi peke yake. Nikaingiza vidole kwenye msuko nikaanza kuchana. Mafunjo yanakata, msione yanalala kwenye mikeka. Nilichana na damu inatoka mpaka likafunguka tundu la kutosha yai, nikachungulia.

Niliona jicho. Lilikuwa wazi, halipepesi.

Sijui nilitembea hivyo kwa muda gani. Kisha likapepesa. Halafu kidole kikatoka tunduni, kimoja, kinatafuta. Nikakishika, nikapiga ukelele ambao wimbo haukuweza kuufunika.

Shangazi alikuja mbio kunichapa kwa kuharibu machela. Akachungulia tunduni, mkono ukabaki juu. "Mwekeni chini! Nyie, mwekeni chini!"

Walipofunua, mama alikuwa amejikunja huko miguuni, magoti yamepanda kwenye tumbo, uso rangi ya majivu. Shangazi akamlaza ubavu, akamwekea furushi langu mgongoni, akakata kijiti na kukifunga kwa kamba ya mgomba mbele ya nyayo zake, akanyagie asiserereke. Kifuniko akakitupa kando.

"Unatuharibia mizani," alinung'unika mbebaji mmoja.

"Mlikuwa karibu kubeba maiti, na mizani ilikuwa nzuri sana. Inueni!"

Tulifika. Mama alipona. Mtoto, mvulana, hakulia, tukamzika hukohuko.

Baada ya wiki kadhaa alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, anapumzika kila penye jiwe. Siku chache baadaye Ta Bitegeko akaja uani na machela na kifurushi cha mafunjo mabichi, aje kuziba lile tundu. Wanaume wawili watatu wakamfuata, kama kawaida ya wanaume kukiwa na kazi ya mtu mwingine.

"Shikamoo, Ta," mama alisema kutoka kizingitini. "Usizibe."

"Marahaba. Mvua itaingia, mwanangu."

"Na pumzi itaingia."

Wakacheka. "Leo dirisha," akasema mmoja, "kesho utasikia anataka pazia!" "Na kochi!" mwingine akadakia.

Mama hakucheka. "Ta, umeisuka wewe. Umewahi kulala humo?"

"Mungu aniepushe."

"Basi ingia. Wakuteremshe mpaka kisimani, wakurudishe."

Angeweza kukataa, ila wenzake walikuwa wanamtazama. Akavua kofia akaingia, wakafunika, wakaondoka wakiimba kwa mzaha. Waliporudi bado wanacheka. Kifuniko kikafunguliwa. Mzee akakaa, jasho linamtoka, kicheko kikawaishia wenyewe.

"Ukiwa humo," alisema, "wanaimba, unaona wamekwisha kukusahau."

Akachukua kisu. Hakuziba tundu, alilipanua likawa la kupita mkono, akalizungushia ukingo. Kifuniko akakikata nusu, kichwa kibaki wazi. Akaweka egemeo la mgongo. Ilipofika zamu ya kijiti cha miguu, mama akaniita.

"Njoo ulale humo, tupime."

Nilikimbia. Shangazi alinikamata kwenye mibuni akaniburuta. Nililala humo nimeziba pumzi, mafunjo mabichi yananinukia puani, na mkono wa mama umenikandamiza bega. Ta Bitegeko akanyoosha kamba mpaka kwenye nyayo zangu, akafunga fundo.

"Hapana," mama akasema. "Sogeza chini zaidi. Huyu bado anakua."

Mnajua nilielewa nini? Nilielewa kwamba mama amekwisha kuniwekea nafasi yangu. Kwamba mimi ndiye ninayefuata. Kwa muda mrefu nilikuwa nikihisi joto kidogo mwilini ninajificha migombani, na mama akinigusa paji la uso naruka. Nilimchukia, nasema kweli.

Machela yenyewe ikaendelea kubadilika. Wanawake wakadai ya maiti iwe nyingine, isiyo na dirisha, na ikasukwa. Watu wakapungua kuficha homa. Miaka ya tisini wafadhili wakaleta kitoroli cha chuma cha kuvutwa na baiskeli, kinang'aa, bapa kama meza ya buchani. Mgonjwa wa kwanza alishuka njiani akasema afadhali afie nyumbani. Wanawake wakakikokota mpaka kwa fundi wa kuchomelea, wakasimama pale wakimwelekeza aweke egemeo na pa kukanyagia, hadi akaomba wakae mbali na moto.

Mimi niliolewa upande wa Kyerwa, ila mzaliwa wangu wa kwanza nilikwenda kujifungulia kwa mama. Uchungu ulikaza, yowe likapigwa. Machela ilikuwa imesukwa upya mara nyingi, lakini kwa kipimo kilekile. Nilipolazwa, nyayo zangu zikafika sawasawa kwenye kijiti, nikakanyagia.

Nilipojifungua salama, Shangazi Yustina alikuja kukaa kitandani kwangu hospitali, akanieleza jambo ambalo mama hakuwahi kunitamkia. Safari ile ya mama, kabla hawajamruhusu kurudi, daktari alimwambia hatazaa tena.

Kwa hiyo siku ile anabishana na Ta Bitegeko pale uani, wanaume wanamcheka, alikwisha kujua kwamba yeye hatapanda tena humo kwa ajili ya kuzaa. Na nyumbani kwetu mtoto wa kike nilikuwa mimi peke yangu.