Uyoga wa Dakika Ishirini

Kwa karibu miaka kumi na miwili nilikana kwamba nilikuwa nafundisha yoga. Nilikana kwa Matroni, nikakana kwa Mganga Mkuu, na kwa ustadi zaidi nikakana mbele ya mama mmoja mzee wa kanisa, ambaye hakuwa amenishtaki kwa lolote. Petro alikana mara tatu, jogoo akamshtua. Mimi majogoo wa mtaani kwangu Soweto, Moshi, waliwika kila alfajiri, nikaamka, nikanywa chai, nikaenda kazini kukana tena.

Siku ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya themanini, niliingia kitengo cha fiziotherapia cha hospitali moja mjini Moshi na koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Kulikuwa na taa ya kupasha misuli joto, haina balbu. Kulikuwa na kitanda cha traksheni, yaani cha kumvuta mgonjwa kiuno kwa kamba na vizito ili pingili za mgongo zipeane nafasi. Vizito havikuwepo. Mara ya mwisho vilionekana jikoni, vikipima mchele.

Mkuu wa Kitengo, Bi Nirmala, alikuwa mama wa Kihindi mzaliwa wa hapahapa Moshi, mwenye Kichagga cha kutosha kupunguziwa bei ya ndizi. Nilimkuta amelala chali sakafuni, miguu ameiegemeza ukutani.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Vua viatu ulale. Kiuno hakifundishwi kwenye kiti."

Shahada niliyoipata baadaye haikunifundisha zaidi ya sakafu ile. Alinionyesha jinsi ya kuvuta pumzi hadi kwenye kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na jinsi ya kumkunja mtu mwenye maumivu sugu bila kumtisha. Tuliwapokea wa kiuno, wa pumu na wa presha. Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka nikaiota. "Hii ni nyongeza, si badala. Wa presha ameze dawa zake. Na ukimwona mwenye kiuno ambaye mguu unakufa ganzi, au haja ndogo inamtoka bila kujijua, usimlaze mkekani. Mkimbize kwa daktari." Kisha aliandika kwenye kadi ya mgonjwa: *Yoga, dk. 20.*

Jumapili moja mhubiri mgeni alisema kwenye mkutano wa injili kwamba yoga ni kuabudu miungu. Jumatatu asubuhi Matroni alikuwa mlangoni kwetu.

"Hilo neno nikilisikia tena humu, chumba hiki nakigeuza stoo ya magodoro."

Hajamaliza kusema, akaingia Mama Elianasia kutoka Machame, mzee wa kanisa katika usharika wake, amejikunja kwa kiuno baada ya miaka mingi ya kupandisha mlima na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani. Mkononi alikuwa na kadi aliyoandikiwa Ijumaa.

"Daktari, nisomee. Hapa nimeandikiwa uyoga?"

Nilimtazama Matroni. Matroni alinitazama mimi.

"Ndiyo, mama. Uyoga."

"Dakika ishirini?"

"Ishirini."

"Wa kuchemsha au wa kukaanga?"

Matroni alikohoa, akaenda zake. Nikamweleza mama kwamba ni jina la mazoezi tu: mtu anainama polepole, kama anayetafuta uyoga kati ya migomba ya kihamba chake, shamba la nyumbani. Bi Nirmala alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Basi likawa darasa la uyoga, hata kwenye kadi. Mkao wa kupiga magoti na kuubinua mgongo nikauita paka wa jikoni. Ule wa kusimama kwa mguu mmoja ukawa mgomba uliobakizwa na upepo. Na ule wa mwisho, wa kulala chali kimya, ambao jina lake halisi ni mkao wa maiti, nikauita kungoja mtori upoe, ile supu yetu ya ndizi. Wagonjwa walikuja na vikapu vya uyoga kama shukrani. Mimi siupendi uyoga. Niliula.

Siku Bi Nirmala alipostaafu alinishika mkono. "Umeliokoa darasa," alisema. "Lakini yule mama mwambie. Mwili ni wake. Ana haki ya kujua anaufanyia nini."

Nilimwahidi. Nikawa nangoja siku nzuri ya kusema.

Miaka ikaenda. Bei ya kahawa ilianguka, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, viuno vikabaki vilevile. Chini ya vitenge wanawake walianza kuvaa suruali za michezo za mitumba kutoka soko la Kiboriloni. Mama Elianasia aliacha kuegemea fimbo. Akarudi kukamua ng'ombe wake mwenyewe, na kila sikukuu ya mavuno alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

Kisha wafadhili wakatuletea bango: *Yoga kwa Maumivu ya Mgongo*, pamoja na picha. Mganga Mkuu, wa tatu katika utumishi wangu, alilibandika mwenyewe ukutani. Neno lililokatazwa lilikuwa limepata mfadhili.

Mama Elianasia alivaa miwani, akapitia picha moja baada ya nyingine.

"Huyu si paka wa jikoni?"

Kidole chake kikahamia picha ya mwisho.

"Na huyu, anangoja mtori?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimesimama madhabahuni nikasema nimeponywa kwa dawa na uyoga. Watu wakasema amina. Umenifanya niseme uongo ndani ya nyumba ya Mungu."

"Mama, mazoezi yenyewe hayana—"

"Sijakuuliza mazoezi. Nakuuliza, kwa nini hukuniambia nikachagua mwenyewe?"

Alivaa viatu. Hakurudi.

Binti yake, muuza ndizi wa Kiboriloni, ndiye aliyenipa habari. Mama ameacha mikao yote, ameirudia fimbo, ng'ombe anakamuliwa na jirani. Wazee wenzake wa kanisa wanataka awaeleze alikuwa akifanya nini hospitalini, naye amejitenga nao mpaka apate jibu. Nilikata jani la isale nikampa binti ampelekee. Kwetu Uchaggani aliyekosa hutuma isale, na anayelipokea jani hilo amesamehe. Wiki zikapita. Jani halikujibiwa.

Katika wiki hizohizo nilipata barua ya kupunguzwa kazini, nikawa mstaafu mwenye miaka arobaini na kitu, asiye na mvi za kutosha kuheshimiwa. Bado naikumbuka harufu ya plasta mbichi, na sauti ya wanawake ishirini wakishusha pumzi pamoja kwenye chumba chenye taa isiyo na balbu. Vijana wa fani yetu leo wanaliandika neno lile kwenye kadi kwa herufi kubwa, hawajui liliwahi kuogopwa. Najivunia viuno vile. Kadi sijivunii.

Simu ilinikuta Kiboriloni, nimeinamia mitumba kwa mkao sahihi. Simu za mkononi zilikuwa ngeni, na mtandao haukukamata mpaka nilipopanda juu ya robota la nguo.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Jani lako liko hapa kwenye kabati la vyombo. Sijalipokea, sijalirudisha. Wazee wananiuliza, nami siwezi kuwajibu kwa jina la mboga. Nataka nilisikie kwa mdomo wako. Ulikuwa unanifundisha nini?"

"Yoga, mama."

"Sikusikii."

"Yoga!"

"Uyoga?"

"Yoga!" Soko likageuka kunitazama. "Nilikufundisha yoga, mama, nikakudanganya kwa sababu niliogopa!"

Nilidhani mtandao umekatika. Muuza nyanya wa karibu akanionea huruma, akapaza sauti, "Dada, uyoga leo hakuna! Labda Jumamosi!"

Ndipo nikasikia upande wa pili mtu anacheka, halafu anaguna, kwa sababu kucheka kunauma kiuno.

"Mwambie Jumamosi huna nafasi," alisema Mama Elianasia. "Jumamosi uko kwangu, wewe na mkeka wako. Jani nimelipokea."