Jiko la Moshi Lenye Masikio Mawili

Nilizaliwa Cheptais, nikaolewa Kamukuywa, na kazi yangu tangu hapo imekuwa kukausha kuku kwa moshi na kuwauza sokoni. Shule walipelekwa kaka zangu. Jiko la kwanza tulilijenga kwa matofali nyuma ya nyumba, mimi na marehemu mume wangu, Kigen. Tulipomaliza kumzika, ndugu yake Kipngeno alisimama mbele ya jiko hilo akasema, "Kitu imejengwa kwa udongo ya boma ni ya boma." Kesho yake mkewe, Edah, alikuwa anageuza kuku wake humo. Mimi nilizaa binti tu, Chepkosgei, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza neno.

Dada yangu Linah, aliyeko Bokoli, aliniambia nihamie kwake, ana kibanda karibu na soko. "Lakini ukuje na jiko yako," alisema. "Ukikuja mikono mitupu, bwana yangu atanuna."

Basi nikaenda Kitale kwa Mbugua, fundi wa kuchomelea vyuma. Kipngeno akasema lazima anisindikize, eti nitaibiwa.

Mbugua alichora kwa chaki sakafuni, na kila alichokieleza alimweleza Kipngeno. Kwanza alichora pipa lililosimama, moto chini, nyama juu. Akalifuta mwenyewe. "Hii mafuta ikidondoka, moto inapanda. Kuku inakuwa makaa." Halafu akachora bomba nene la chuma lililolazwa, na kisanduku cha moto ubavuni mwake. Moto unakaa kando, moshi unaingia, unapita juu ya nyama na kutokea upande wa pili.

"Hii ndiyo jiko, mzee. Chuma nene inashika joto. Kuni kidogo, kuku inaiva sawa kote."

"Inabebwa na watu wangapi?" niliuliza.

Akamjibu Kipngeno. "Wanaume sita. Hiyo unaimwagia msingi ya simiti, basi."

"Simiti iko nyumbani," Kipngeno akasema upesi.

Nikaelewa: likishikwa na simiti, nalo litakuwa la boma. "Hakuna nyepesi?"

"Iko ya pipa ya mafuta, nayo ya kulazwa. Lakini hiyo inapoteza joto, inakula kuni kama ng'ombe, na mvua ikiionja inaoza. Achana nayo, mama."

"Nataka hiyo."

"Shemeji, si umesikia fundi?"

"Nimesikia. Aiweke masikio mawili, moja kila upande, ya kushika."

Kipngeno alicheka mpaka wachomeleaji wengine wakainua vichwa. "Ati masikio! Jiko itasikiliza nani?"

"Itakusikiliza wewe. Mimi nimechoka."

Nilijua nimechagua baya. Jiko lilipofika bomani, kuku wa karibu na moto aliungua, wa mwisho alitoka mbichi, nami nilishinda nikiwabadilisha nafasi kama muuguzi wa wodi iliyojaa. Wateja wangu wakaanza kununua kwa Edah, kuku waliokaushwa kwenye matofali niliyoyafyatua mimi.

Vijana wa bodaboda pale kwetu wote wanaendesha pikipiki za Kipngeno, kwa hiyo sikumwomba hata mmoja. Nilingoja aende mazishini Bungoma, nikapatana na dereva wa pikapu aliyekuwa anarudi Bokoli. Alikataa kuingia bomani. Angenisubiri barabarani, kidogo tu. Nikamwita Edah.

Alishika sikio moja, mimi la pili. Tukainua.

"Kumbe ni nyepesi!" akasema.

Tulitembea vizuri hadi langoni. Hapo akaliweka chini.

"Mama Chepkosgei, mimi naishia hapa."

"Barabara si hiyo, Edah? Ni hapo tu."

"Wewe unaenda. Mimi jioni niko na yeye kwa nyumba, na ataniuliza mimi."

Akafuta mikono kwenye leso, akarudi kwa kuku wake. Nilijaribu kulibingirisha peke yangu, lakini pipa lenye kisanduku ubavuni halibingiriki. Linaanguka upande mmoja na kulala hapo. Nikalivuta kwa sikio. Kisanduku kikakwama kwenye nguzo ya lango.

Pikapu ilipiga honi. Nikapiga kelele kwamba nakuja. Ikapiga tena, halafu nikaisikia ikiondoka.

Edah alitokeza kichwa pembeni mwa nyumba.

"Imeenda?"

Nikaachia sikio la jiko.

"Basi ngoja nikuje," akasema. "Nikusaidie kuirudisha."