Konzi ya Dagaa

Kazi yangu ni kupangisha vyumba katika jengo jipya la wanafunzi, hapa katikati ya Birmingham. Juzi binti mmoja kutoka Mwanza alikuja kuona chumba akiwa na mfuko wa dagaa, harufu ikanirudisha nyuma miaka mingi.

Utotoni mwangu, papa hapa palikuwa na duka la mama mmoja Mkongomani. Akishampimia mama yangu dagaa, alikuwa akichota konzi ya nyongeza na kuitumbukiza mfukoni mwa koti langu. "Hii ya mutoto, mama, usikamate!" Wiki nzima koti lilinuka darasani, na vile vichwa vikavu vilinichoma vidole.

"Dada, hapa zamani palikuwa na nini?" binti akauliza.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika funguo za jengo.

"Hapakuwa na kitu," nikamjibu.