BD Yenye Nilipiga Pasi

Kuna siku moja yenye inakataa kutoka mu kichwa yangu, mwanangu: siku yenye nilipewa points mbili juu ya kumi mbele ya batu wote wa depot ya camion, na bado nikarudi nyumbani mbio kwa furaha. Kaa, nikuambie. Najua unacheka juu ninakuita mwanangu na mimi ningali na uniforme ya masomo, tena jana mwalimu alinitoa mu classe. Cheka tu. Wakati wa vita kila mwaka inahesabika mara mbili, donc na miaka yangu kumi na saba, mimi na babu yako tunaweza kuitana jina.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ule wakati barabara ya Beni ilikuwa inafunguka leo, kesho inafungwa, na waasi walikuwa wanabadilisha majina kuliko sisi tulikuwa tunabadilisha soksi. Yaya yangu Paluku, kaka yangu mukubwa, alikuwa ameenda Oicha kusaidia mujomba mu shamba ya cacao. Masasi ya bunduki ikalia kule, batu bakakimbia kila mumoja na njia yake, na miezi ine tukakosa habari yake. Baba alifungia redio mu sanduku. Mama alikuwa anauliza kila shofere, hata wale wenye walitoka Lubero, upande ingine kabisa. "Nani anajua," alikuwa anasema, "Paluku huyo anaweza kupotea hata mu uwanja yetu."

Mimi nilijificha mu vitabu vya picha, venye tunaita BD. Masomo ilikuwa inafungwa kila masasi ikisikika, donc nafasi ya kusoma ilikuwa mingi. Na BD zetu zilikuwa na desturi: ukimaliza, unaandika na crayon, kalamu yenye inafutika, ndani ya jalada ya nyuma, jina yako na fasi yenye uliisomea. Kisha unaibadilisha na ya mwenzako. Moja inaweza kutoka Vuhovi mu gunia ya maharagwe, na mwezi wenye kufuata iko Mbau.

Lakini kubadilisha kulikuwa kunaleta ngumi, juu kila mutu anaapa yake ni mupya. Njo maana tulikuwa na Papa Ramazani, mwenye camion wa Beni, mwislamu mwenye kofia nyeupe yenye haikupata hata tone moja ya mawese yenye alikuwa anabeba. Zamani, mu ujana yake, alikuwa anashona vitabu ku imprimerie, fasi ya kuchapa vitabu. Kila siku ya posho, njo jumamosi kwetu, camion ikifika depot ya Butembo kushusha mizigo, anakaa juu ya pipa, sisi tunapanga mustari, na anapima BD moja moja. Points anaziandika ku kikaratasi na anakiingiza katikati ya kurasa. Nane inabadilishwa na nane, tano na tano, na hakuna mwenye alibisha.

Alikuwa ananusa kwanza! Hiyo ilinishinda kuelewa. Ananusa, anafunga macho, anasema, "Hii ililala karibu na sabuni." Na mwenye BD anakubali, mudomo wazi. Siku moja alinusa yangu, akacheka: "Wewe mutoto, hii ulianika wapi? Na mahindi ya mbegu?" Kweli. Ukungu ya Butembo inaozesha karatasi, na mama yangu, sawa mama wote kwetu, alikuwa anakausha mbegu juu ya jiko, mu moshi. Mimi, mwerevu wa familia, nikaweka BD zangu palepale. Hazikuoza, ni kweli. Zikakuwa tu rangi ya samaki ya moshi.

Sasa sikiliza ujinga wangu mukubwa. Katembo, convoyeur wa Papa Ramazani, mwenye anachunga mizigo ku camion, alinipa BD moja ya rubani munene mwenye alijitengenezea ndege na mikebe ya sardine. Ku ukurasa wa mwisho, ndege inaanguka ndani ya volcan. Basi! Imeisha! Sehemu ya pili ilikuwa kwa Kanyere, musichana wa classe yetu, na yake ilikuwa na points nane. Yangu ilikuwa imekunjika, imechoka. Sikulala vizuri. Yule munene anatoka mu moto, ao anachomeka?

Nikaamua kuiponya. Nikachukua pasi ya makaa ya baba, nikanyoosha kila ukurasa. Fasi yenye rangi ilitoka ku jalada, nikapaka bic nyekundu. Na yale majina yote nyuma, nikayasugua na gomme ya kufutia mpaka karatasi ikakuwa nyeupe. Sikuyasoma. Nilikuwa na haraka.

Siku ya posho nikafika depot, kifua mbele. Kanyere akaiangalia. "Kambale, BD yako inaenda ku mariage? Imenyooka kuliko suruali ya baba yako."

"Ngojea points, utalia."

Papa Ramazani akanusa. Akaangalia jalada. Akageuza kurasa, pole pole sana, na masikio yangu ikaanza kuwaka.

"Nani alipiga huyu maskini pasi?"

Kanyere akacheka mpaka akakaa chini.

"Na hii bic? Wallahi, umepaka mugonjwa poda." Akafika nyuma. "Majina iko wapi?"

"Ilikuja vile, Papa."

"Ilikuja vile." Hakukasirika, njo kitu kiliniogopesha. Akasimama, akalaza ile jalada karibu na jicho, jua iipige kwa pembeni. "Sogea uone. Crayon inaumiza karatasi. Gomme inatoa weusi, haitoi kidonda."

Nikasogea. Kumbe majina ilikuwa pale, sawa makovu madogo! Akaanza kusoma kwa sauti: "Masika, Vuhovi. Muhindo, Beni. Paluku, Mbau, nilitoka Oicha. Na hapa kuna... nini? Kuku ya miguu tatu?"

Mwanangu, mu dunia muzima ni mutu mumoja tu alikuwa anachora kuku ya miguu tatu pembeni ya jina yake. Walimu walikuwa wanamupiga juu ya ile kuku.

"Ni yaya yangu," nikasema. Sauti ilitoka ya mutoto wa miaka ine.

Katembo akapiga kichwa yake: "Hiyo nilibadilisha Mbau, ku soko, haijapita hata wiki mbili! Na kijana mwenye alikuwa anachechemea."

"Chini ya jina kuna mustari ingine," Papa Ramazani akasema. Akageuza jalada huku na huku. "Niko kwa mama... kwa mama nani? Hapa ulisugua sana. Karatasi imeisha."

Pale nikalia, mbele ya Kanyere, na hakucheka tena. Jina ya mama mwenye alimupokea yaya yangu nilikuwa nimeila na gomme.

Papa Ramazani akaandika kikaratasi: mbili juu ya kumi. "Mbili ni za kuku," akasema. Kisha akanipa crayon. "Andika. Mwenye anajua kusoma, atajibu." Nikaandika ku jalada ileile: Paluku, mama anakuuliza kwa batu wa Lubero. Rudi. Nikakimbia kumuambia mama, na BD ikapanda camion na Katembo, kurudi Mbau.

Barabara ikafungwa siku kumi na tisa. Mama alikuwa anaenda depot kila asubuhi, na mimi nyuma yake. Siku camion ilifika, Katembo alirusha BD toka juu ya mizigo, na mama, mwenye hajawahi kufungua BD, aliidaka. Kulikuwa mustari mupya: Mguu inapona. Ninakuja na Katembo safari yenye kufuata. Nani huyu alipiga kitabu pasi? Ni Kambale, nilijua.

Alikuja kweli. Na Kanyere, kwa huruma, akakubali kunibadilishia, mbili kwa nane. Mama akakataa. Ile BD haitatoka tena mu nyumba yake, akasema, na mpaka leo iko chini ya muto yenye analalia. Rubani angali mu volcan. Paluku anajua namna inaisha, alisoma sehemu ya pili kule Mbau. Anakataa kuniambia. Miaka mitano!

Donc, mwanangu, BD zako zifunge mu sachet ya plastiki, kavu, mbali na jiko, mbali na pasi. Uchafu wenye mutu aliandika, usome kwanza, hata kama points inakuita. Uliza kitu kilipita wapi mbele ya kuuliza kina points ngapi. Mungu akulindie kurasa zako, panya ipotee njia ya chumba yako, na mutu wako wa mbali aandike jina yake kwa nguvu, crayon iingie mpaka ndani.