Mitumbwi Mitatu na Stoo ya Maharage

Direkta wa shule yetu alikuwa mtu wa maneno machache, na yote yalinichoma. Siku hiyo alisimama mlangoni mwa chumba cha ufundi, akatazama misumeno na makopo ya rangi, akamwambia mwalimu wetu mbele yetu: siku ya wazazi aone kitu kinachofanya kazi, la sivyo chumba kinarudi kuwa stoo ya maharage.

Maharage! Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, na kile ndicho chumba pekee shuleni ambamo hakuna aliyeniambia nikae kimya. Niliapa hakiendi.

Mwalimu alitugawa makundi matatu tushindane. Kila kundi litengeneze mtumbwi mdogo wa kuvulia sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, wenye taa, wavu, na miti mirefu ya kuushikilia. Yeye ni mtu wa Mudende, amekulia kwenye ng'ombe na viazi, ziwa halijui. Lakini mimi? Papa ni mvuvi, mama anauza sambaza. Nani wa kunishinda?

Tulikata mbao, tukaunga taa kwenye betri ya simu ya zamani. Ubavuni nilichora imigongo, yale mapambo yetu ya pembe-pembe nyeusi na nyeupe, mpaka wapinzani wakaja kuchungulia. Nikawafukuza.

Tukaujaribu kwenye beseni kubwa la kufulia. Miti na wavu vikauvuta upande, ukapinduka. Wa kundi la pili ukapinduka. Wa tatu, chubwi! Tukatia mawe ndani ya wetu, ukazama kabisa. Wiki nzima hivyo hivyo, na kila aliyenikaribia alikiona.

Asubuhi ya siku ya wazazi nilishuka na mama ufukoni kupokea samaki. Wavuvi walikuwa wanarudi wakiimba, mitumbwi mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti. Nimeiona hivyo tangu nizaliwe. Beseni la samaki likanidondoka.

"We mutoto, uko na nini?" mama akauliza.

"Mama, mi niko mujinga!"

"Hiyo tunajua. Okota beseni."

Nilikimbia shuleni, nikawaeleza wenzangu kwamba hakuna mtumbwi unaovua sambaza peke yake. Kiongozi wa kundi la pili, kijana wa Rugerero, alicheka. "Donc, leo unatuhitaji?"

"Ndiyo, nawahitaji. Lete kamba!"

Wangu ulikuwa imara zaidi, kwa hiyo ukawekwa katikati, mahali ambapo imigongo yangu haitaonekana. Isitoshe, ilibidi kutoboa rangi ili kupitisha kamba. Iliniuma sana. Nilishika keekee, nikatoboa mwenyewe.

Mchana wazazi walizunguka beseni. Mitumbwi ilikaa majini, wavu ukining'inia, taa ikiwaka. Direkta alikandamiza upande mmoja kwa kidole. Ikayumba, ikatulia. Akakandamiza tena, kwa nguvu. Ikatulia. Kule nyuma papa akaanza taratibu wimbo wa kupigia makasia, na wavuvi wengine wakamwitikia. Mwalimu wetu alikuwa anajifuta macho.

Direkta akasubiri wamalize. "Bon," akasema. "Sasa maharage nitaweka wapi?"

"Kwa ofisi yako, Direkta," nikamjibu.

Mama alinifinya, lakini alichelewa.