Tulizo wa Märsta

Harufu ya glavu za sufu zilizolowa theluji haijawahi kuniachia. Kila asubuhi nikimpeleka mwanangu chekechea hapa Akalla, pembeni mwa Stockholm, mlango ukifunguliwa tu, inanipokea yenyewe: sufu mbichi, mpira wa viatu, na joto la lile kabati la kukaushia nguo ambalo sijaona chekechea ya nchi hii isiyo nalo. Wazazi wengine huning'iniza makoti wakaenda zao kazini. Mimi husimama pale nikasoma majina yaliyobandikwa ndani ya glavu za watoto wa watu. Mwalimu amenikuta hivyo zaidi ya mara moja, na nadhani sasa ananiogopa kidogo. Naomba ninyi mnielewe, maana yeye sijamwambia chanzo chake.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi watu watatu kwenye ghorofa moja hapahapa Akalla: baba, mama na mimi. Baba alifanya usafi uwanja wa ndege, kule karibu na Märsta, na mama alihudumia wazee Vällingby, mara nyingi hata Jumamosi. Mimi nilikuwa na kazi moja, kuwa Tulizo. Msicheke. Wakongo wenzetu kanisani walikuwa na akina Furaha, Bahati na Riziki wa kutosha, majina ambayo wavulana na wasichana wa kwetu hugawana bila ugomvi, lakini Tulizo hawakuwahi kulisikia kabla yangu. Mama alinieleza kwamba siku niliyozaliwa, katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, baba alikuwa nje akiomba, jina likamjia. Halikuwa la babu wala la jirani. Nilishushiwa mimi.

Waswidi lilikuwa linawachanganya. Shule moja iliniweka kwenye kundi la wavulana la kuogelea, na nikafika pale na taulo langu la maua. Sikujali. Mtu mwenye jina lake peke yake anaweza kuvumilia mengi.

Kisha mwalimu wetu akatuonyesha kwenye kompyuta mahali ambapo ukiandika jina, serikali inakuambia wanawake wangapi na wanaume wangapi nchini wanaitwa hivyo. Akina Emma na Alexander walikuwa wengi kama kokoto. Langu lilipoandikwa niliketi wima, nikingojea kutangazwa. Mashine ikasema tuko wachache mno, lakini tuko, na mmojawapo si mwanamke. Nilipomweleza mama jioni ile, alifuta jiko ambalo lilikuwa tayari safi, akasema kwamba hata mashine za wazungu hukosea. Sijui kama mnawajua akina mama wanaofuta jiko safi. Niliingiwa na shaka palepale.

Haikupita hata miezi miwili. Jumamosi moja ya mwezi wa pili, baba alirudi kutoka kwenye kile alichokiita kazi ya ziada, akatoa glavu moja kwenye mfuko wa koti na kuniwekea mezani, akiniambia nisiwe naacha vitu ovyo. Ilikuwa ya buluu. Nilijaribu kuivaa, ikakwama kwenye vidole. Ndani yake palikuwa na kibandiko, na kwenye kibandiko palikuwa na jina TULIZO, lakini kwa mwandiko ambao sikuujua. Mwandiko wa mama ulikuwa unapanda kama mtu anayekwea ngazi, na huu ulikuwa umelala. Nilimwangalia baba. Baba akaiangalia glavu, akaichukua polepole, akairudisha mfukoni na kwenda kuoga.

Tangu siku hiyo niligeuka askari kanzu. Niligundua kwamba nguo zake za Jumamosi hazikunuka dawa ya kusafishia sakafu. Niligundua kwamba alikuwa anaondoka na bakuli la sombe, yaani majani ya muhogo, na dagaa, chakula cha kumtosha zaidi ya mtu mmoja. Na siku moja tukiwa tunakula bugali, simu yake ililia, akatoka nayo kwenye korido, na nikamsikia akiuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Tulizo alisha kula?"

Mimi Tulizo nilikuwa mezani, tonge likiwa shavuni. Nilimtazama mama. Najua alisikia, kwa sababu aliacha kutafuna, halafu akaniongezea sombe kana kwamba hakuna kilichosemwa. Nilimhurumia mpaka chakula kikanishinda. Nilijiambia kwamba mama anajua, ameshindwa, na hana wa kumtetea isipokuwa mimi.

Ushahidi wa mwisho niliupata kwenye simu ya baba, ile ya vitufe, aliyokuwa ananiruhusu kuchezea mchezo wa nyoka. Kwetu mzazi haitwi jina lake akishazaa. Mama alikuwa Mama Tulizo, baba alikuwa Baba Tulizo, dukani, kanisani, popote walipokuwa watu wetu. Hata baba mwenyewe alimwandika mama hivyo kwenye simu. Chini ya Mama Tulizo, siku ile, nikaona Mama Tulizo Märsta. Nilikaa na ile simu mkononi. Kama Märsta kuna Mama Tulizo, basi Baba Tulizo wake ni nani? Nilimjua Baba Tulizo mmoja tu duniani, naye alikuwa kwenye kochi akikoroma.

Jumapili zetu zilikuwa na simu ya Koko, mama mzazi wa baba, aliyekuwa Uvira. Wakubwa walisalimiana naye kwanza, kisha nikaachiwa mimi, kwa sababu Koko alipenda kunisikia na mimi nilipenda kusimulia. Nilimsimulia kila kitu, mpaka vilivyokuwa kwenye friji. Jumapili ile nilienda na simu bafuni, nikafunga mlango, nikamwambia kwamba baba ana mtoto mwingine Märsta, mvulana, naye anaitwa Tulizo.

Koko akauliza, "Mama yako anajua?"

Nikasema anajua, na kwamba anaumia kimyakimya. Hilo la kuumia nililiongeza mwenyewe.

Sikujua kwamba maneno yanaweza kutoka Stockholm, yakafika Uvira, na kurudi Stockholm kabla Jumapili nyingine haijafika. Koko alimpigia binamu yake, binamu akampigia mtu wa kanisa letu, na siku ya ibada wanawake walikuwa wanamkumbatia mama yangu kwa namna mtu anavyokumbatiwa msibani. Nyuma kabisa kwenye ule ukumbi wa kukodi aliketi mama mmoja mgeni, mwembamba, na mtoto wa kiume wa kama miaka sita. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuja kusali kwetu. Mtu alimuuliza jina, akajibu kama tunavyojibu sote, kwamba yeye ni Mama Tulizo. Benchi lake lilibaki tupu pande zote mbili mpaka ibada ikaisha. Nilimwona akimvalisha mtoto koti bila kuinua macho, na nakiri kwenu kwamba nilifurahi.

Baba hakunichapa. Kesho yake alipotoka kazini alinichukua shuleni, mama akaja na bakuli la chakula, tukapanda treni ya kwenda Märsta watatu. Nilidhani tunakwenda kuachana.

Yule mama alitufungulia, akatupa viti, akaniketisha mimi karibu naye kabisa. Mtoto wake alikuwa na pengo mbele, alinikodolea macho kama niliyetoka mwezini. Kisha mama yake akaanza kunisimulia, mimi na si wazazi wangu, juu ya mkunga wa kule kambini. Mama yangu alipopatwa na uchungu uliokataa kwisha, mkunga huyo ndiye aliyemshika kwa siku mbili mpaka nikatoka. Aliitwa Tulizo.

"Yeye hakuzaa," alisema yule mama. "Kambini kila mwanamuke alikuwa mama fulani. Yeye tu njo tulikuwa tunaita jina yake, kama mutoto. Basi sisi wanawake tukapatana. Mutoto mwenye atatoka mu mikono yake, akuwe mwanaume, akuwe mwanamuke, ataitwa Tulizo."

Mama yangu ndiye aliyeanza, na wengine wakafuata. Ikafika mahali ukiita Mama Tulizo kwenye foleni ya maji, wanawake wengi wanageuka pamoja, na mkunga mwenyewe anacheka mpaka anakaa chini. Alikufa kabla yule mvulana hajaanza kutembea. Huyo ndiye Tulizo wa mwisho aliyemzalisha.

Sasa mnajiuliza kwa nini nilifichwa. Kwa desturi ya ukoo wetu mtoto wa kwanza alipaswa kuchukua jina la Koko, na baba alimwogopa mama yake kuliko alivyowaogopa waliotukimbiza. Akatunga ile habari ya maombi, akijua kwamba Koko hawezi kubishana na Mungu. Na yule mama na mtoto wake walipofika Sweden, baba akienda kuwasomea barua za ofisi na kuwafungia kitanda, na mama yangu akiwapikia, walikubaliana nisijue, kwa sababu kila walichonieleza kilifika Uvira. Nilielewa yote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Lakini niwaambie ukweli. Chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine, kidogo na kigumu, ambacho hakikuondoka. Nilimgeukia yule mvulana nikamwambia kwa Kiswidi, haraka, nikiamini hakuna Kiswidi anachokijua, kwamba hata hivyo hilo jina ni langu. Nilisahau kwamba naye alikuwa anakwenda shule.

Jumapili iliyofuata baba alisimama mbele ya watu, akaeleza yote, mpaka uongo aliomwambia mama yake. Watu wakasema amina. Koko alikaa miezi bila kutupigia, kisha akatusamehe kwa masharti. Yule mama hakurudi kanisani. Alimwomba baba kwa heshima asifike tena nyumbani kwake, na baada ya muda tukasikia wamehamia mji mwingine, kaskazini. Baba hakunilaumu hata mara moja. Ningependa angenilaumu.

Mwaka jana tulialikwa harusi Märsta. Nilimtambua yule mama kwa mkao wa mabega yake, amezeeka, amependeza, akigawa wali. Wanawake walikuwa wanamwita kutoka kila meza, "Mama Daniel, leta huku." Nilidhani nimemfananisha, mpaka kijana mrefu akaja kumpokea sinia, na nikaona ni sura ileile, isipokuwa pengo lilikuwa limezibika.

Nilimfuata nikajitambulisha. Akatabasamu kama mtu anayejaribu kukumbuka. Nikamuuliza kama yeye si Tulizo. Akanijibu kwa Kiswidi, bila kinyongo chochote, kwamba zamani aliitwa hivyo, kidogo, alipokuwa mtoto.

"Nilimwambia mama lina mwenyewe," akasema. "Msichana mmoja wa Akalla. Tukamrudishia."

Kisha akaenda na sinia lake. Wali wangu ulipoa mbele yangu. Kwa miaka yote hii niliamini kwamba kosa langu lilikuwa kumshuku baba, na kosa hilo lilishasamehewa mbele ya kanisa zima. Sikuwahi kumfikiria yule mkunga. Alikufa akijua ameacha watoto, na mtoto wake wa mwisho nilimnyang'anya mimi, nikiwa nimekaa nyumbani kwa mtoto huyo, kwenye kiti nilichopewa na mama yake.